Mtego, kizimba, gundi, sumu au paka? Tazama mkia kwanza

Ukiingia soko la Marikiti au Kongowea, huku Mombasa, kutafuta dawa ya panya, muuzaji hukupangia mezani vitu vinne: ubao wenye springi, kizimba cha waya, kadi ya gundi na pakiti ya sumu ya rangi. Haulizi ni mnyama gani anayekusumbua, nawe humwambii. Pesa nyingi hupotelea hapo. Kinachomuua panya wa dari hakimfikii panya wa mtaro, na mara nyingine anayelalamikiwa si panya hata kidogo, ila ana mkia unaofanana na wa panya.

Mwenye mkia ni nani

Panya wa dari huitwa panya mweusi, ingawa wengi wao ni kahawia au kijivu. Mkia wake ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Ukimpata mfu, mlaze juu ya gazeti, uvute mkia juu ya mgongo kuelekea kichwani. Ukipita pua, ni yeye. Masikio yake ni makubwa na mepesi, uzito gramu 150 hadi 250, na mavi yake hufika milimita 12, ncha zikiwa zimechongoka. Huyu ndiye anayepanda minazi, anayepita juu ya nyaya na anayezaa ndani ya makuti.

Panya wa kahawia, wa mtaroni na bandarini, ana mkia mnene ulio mfupi kuliko mwili. Masikio ni madogo, pua ni butu, na uzito wake hufika gramu 500. Mavi yake ni ya milimita 18 hadi 20, ncha butu. Panya wengi hawachimbi shimo, yasema methali, lakini huyu hajaisikia: huchimba mapango chini ya sakafu, kando ya shimo la choo na chini ya rundo la taka, tena kwa ukoo mzima.

Kipanya cha nyumbani hakizidi gramu 30, na mavi yake ni ya milimita 3 hadi 6. Tundu la upana wa penseli linamtosha kupita.

Halafu kuna kirukanjia, ambaye jina lake watu wameligeuza tusi bure. Pua yake ni ndefu iliyochongoka, macho madogo mno, mkia mnene shinani wenye nywele chache ndefu zilizosimama. Hutembea akiambaa ukuta, hulia kama sarafu zinazogongana, na huacha harufu kali ya miski. Huyu si jamii ya panya. Chakula chake kikubwa ni mende na wadudu wengine, kwa hiyo nyumba yenye kirukanjia wengi kwa kawaida ni nyumba yenye mende wengi. Ondoa mende, naye ataondoka.

Panya buku halisi hufika kilo moja na zaidi, na nusu ya mwisho ya mkia wake ni nyeupe. Mjini jina hilo hupewa panya yeyote mkubwa, lakini mwenye mkia wa rangi mbili ni mnyama wa shamba na vichaka. Ndugu zake wa Morogoro hufundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Na wenye mashamba karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, wakiona mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza, makalio ya rangi ya dhahabu na mkia mwembamba wenye ncha nyeupe, huyo ni sange. Yuko hatarini kutoweka. Asitegwe.

Mkia ukiwa na manyoya tele kama brashi ni kindi au nguchiro, na makala haya hayamhusu.

Vigezo vya kulinganisha

Tunapima njia tano kwa mambo matano: inafanyaje kazi na kwa mnyama yupi, nini huharibika, hatari yake kwa watoto, kuku na paka, mzoga unaishia wapi, na humfaa nani. Suala la mzoga hupuuzwa sana, na kwa joto la Mombasa ndilo linaloamua kama wiki mbili zijazo utalala chumbani kwako au sebuleni.

Mtego wa kubana

Kazi yake. Ubao, springi, waya wa kubana, kijiti cha kushikilia na kibati cha chambo. Ukipiga sawasawa huua papo hapo. Kuna saizi mbili, ya kipanya na ya panya mkubwa, na hazibadilishani. Panya wa gramu 300 akibanwa na mtego wa kipanya hukimbia nao hadi ndani ya ukuta, na hapo umepoteza mtego na umepata uvundo.

Uweke mtego ukiwa umekingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Panya hupita huku masharubu yakipapasa ukuta; mtego ulio katikati ya chumba hauoni kitu usiku kucha. Alama za njia yake ni mstari mweusi wa mafuta ukutani, na vumbi lililofagiliwa na mkia. Kwa panya mkubwa, acha mita 3 hadi 5 kati ya mtego na mtego. Kwa kipanya, mita 2. Nyumba ya vyumba vitatu hutaka mitego 6 hadi 12 kwa usiku mmoja. Mtego mmoja jikoni ni sawa na kuvua kwa ndoana isiyo na chambo.

Chambo kiwe kidogo kama punje ya kunde. Panya wa dari hupenda nazi kavu iliyochomwa hadi mafuta yatoe harufu. Funga kipande kwa uzi kwenye kibati, avute badala ya kudokoa. Wa mtaro huja mbio kwa dagaa au ng'onda. Siagi ya karanga huwafaa wote. Ukijaza chambo kingi, panya hula pembeni bila kugusa kibati, nawe utalaumu springi.

Kasoro. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Kwa siku 3 hadi 5 weka mitego yenye chambo lakini isiyotegwa. Chambo kikianza kuliwa, itege yote usiku mmoja. Kipanya hana woga huo, unaweza kumtega usiku wa kwanza. Kasoro ya pili ni ya pwani: chumvi ya hewa hushika springi kutu, na ubao hupinda kwa unyevu. Futa springi kwa tone la mafuta ya kupikia kila wiki mbili, na ujaribu mtego kwa kijiti kabla ya kuutega, si kwa kidole. Darini, ufunge mtego kwa waya juu ya boriti, la sivyo utaanguka na panya wake.

Watoto na mifugo. Unavunja kidole cha mtoto na mguu wa paka. Ingiza mtego ndani ya sanduku la mbao lenye matundu mawili ya sentimita 6 hadi 7, au chini ya kabati lisilofikika.

Mzoga. Uko mkononi mwako asubuhi. Faida hii ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Humfaa nani. Mwenye panya wachache au wa kadiri, anayeweza kukagua kila asubuhi, na asiyetaka harufu ukutani.

Kizimba

Kazi yake. Mafundi wa jua kali huvitengeneza kwa waya mgumu, na kimoja kizuri hudumu miaka. Chambo hutundikwa nyuma kabisa, ili panya aingie mwili mzima pamoja na mkia kabla ya mlango kuanguka. Mkia ukibanwa mlangoni, mlango haufungi na panya hurudi nyuma. Funika juu kwa gunia, aone kama ni shimo. Acha mlango umefungwa wazi kwa waya siku kadhaa, azoee kula humo.

Kasoro. Huenda polepole, kwa kawaida panya mmoja kwa usiku. Kipanya hupenya kati ya nyaya zilizoachana. Na baada ya kumnasa kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawakulifikiria dukani: utamfanya nini? Kumzamisha na kizimba ndani ya ndoo ni kumtesa. Kumwachilia mtaa wa pili ni kumhamishia jirani tatizo. Kama huna moyo wa kumuua haraka kwa pigo moja la kichwa, kizimba si chako.

Watoto na mifugo. Hakuna njia ya kunasa iliyo salama zaidi. Akiingia kirukanjia, kifaranga au mtoto wa paka, hutoka mzima, mradi ukague alfajiri na jioni. Kirukanjia hasa hawezi kukaa saa nyingi bila kula. Akiachwa humo kutwa hufa.

Mzoga. Haupotei.

Humfaa nani. Mfugaji wa kuku, nyumba yenye watoto wanaotambaa, na yeyote ambaye hajajua bado ni mnyama gani anayemsumbua. Kizimba hukuonyesha mkia akiwa hai.

Gundi

Kazi yake. Kadi au ubao wenye gundi isiyokauka, uliotandazwa kando ya ukuta. Hunasa vipanya na watoto wa panya vizuri. Panya mkubwa mara nyingi hujivuta na kuondoka akiwa ameacha manyoya machache, au huburuta kadi hadi chini ya friji.

Kasoro. Vumbi na unga huua gundi ndani ya siku chache, na karibu na jiko au chini ya mabati joto huifanya itiririke. Kubwa kuliko hilo: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na methali hiyo haikupata kielelezo bora kuliko gundi. Mijusi kafiri, vifaranga, kirukanjia, paka mdogo, wote hunasa. Anayenasa hafi papo hapo, hukaa akihangaika kwa saa nyingi. England ilipiga marufuku raia wa kawaida kuitumia kwa panya tangu Julai 2024 kwa sababu hiyo.

Watoto na mifugo. Haina sumu. Kiumbe asiyekusudiwa akinasa, mmiminie mafuta ya kupikia polepole, usugue kwa kidole huku ukimtenganisha, kisha umpanguse kwa kitambaa. Usimvute, ngozi itachanika.

Mzoga. Uko juu ya kadi, lakini mara nyingi bado unapumua, na huo ndio mzigo wa njia hii. Kuitupa kadi jalalani na mnyama hai juu yake si jibu.

Humfaa nani. Ghala lililofungwa au chumba cha mashine chenye vipanya, ambapo mtu hukagua kila baada ya saa chache na yuko tayari kummaliza aliyenasa. Vilevile husaidia kupeleleza: kadi moja usiku mmoja hukwambia nani anapita.

Sumu

Kazi yake. Panya huuma huku akipuliza, usisikie. Na sumu nyingi za kisasa humfanyia yeye hivyohivyo. Ni sumu za kuzuia damu isigande. Bromadioloni na brodifakumu huuzwa kwa kawaida zikiwa asilimia 0.005 tu ya chambo, na gramu chache humtosha panya. Hafi usiku ule. Hufa baada ya siku 3 hadi 10, na kwa kuwa haumwi mara moja, hahusishi maumivu na chakula, wala wenzake hawapati onyo. Ndiyo maana hufagia kundi zima kuliko njia nyingine yoyote hapa.

Zinki fosfaidi ni tofauti: unga wa kijivu cheusi wenye harufu ya kitunguu saumu, unaotoa gesi tumboni na kuua kwa saa chache. Panya aliyeonja kidogo akapona haigusi tena, na haina dawa maalumu ya kuipoza. Nyumbani haina nafasi.

Tia chambo ndani ya kisanduku cha kufungwa, au bomba la plastiki la inchi 3 lenye urefu wa sentimita 40, lililofungwa imara kando ya ukuta. Vipande vya nta vyenye tundu katikati ni bora kuliko nafaka: huchomekwa kwenye waya visiburutwe, na havioti ukungu haraka kwa unyevu wetu. Usiviweke chini ya bati linalopigwa jua, vitayeyuka. Kagua kila siku 2 au 3, ongeza palipoliwa, uendelee hadi ulaji ukome, kisha uondoe mabaki yote.

Kasoro. Kosa la kawaida ni kuweka mara moja na kusahau. Wanyonge hufa, waliobaki huzaa. Kosa la pili ni kununua kifuko kisicho na jina kwa mchuuzi wa barabarani anayetangaza dawa ya kunguni, mende na panya kwa spika moja. Pakiti halali hapa Kenya huonyesha usajili wa PCPB, bodi ya kudhibiti viuawadudu, na jina la kiambato, yaani sumu yenyewe iliyomo. Bila jina hilo daktari hajui atibu nini. Kwa sumu za damu, dawa ni vitamini K1, hospitalini, tena kwa wiki kadhaa. Mtoto akila, usingoje aanze kutoka damu: mpeleke siku hiyohiyo na pakiti mkononi.

Watoto na mifugo. Hatari iko juu kuliko njia zote. Paka, mbwa au bundi anayemla panya mwenye sumu huisukumia mwilini mwake, na kunguru wetu hubeba mizoga hadi uani kwa mtu mwingine.

Mzoga. Utasikia watu wakisema sumu humfanya panya aone kiu akafie nje. Si kweli. Hufia alikolala: darini, nyuma ya kabati, ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe ambao huwezi kuubomoa. Harufu hukaa wiki moja hadi tatu.

Humfaa nani. Kundi kubwa la panya wa kahawia nje ya nyumba, kwenye mtaro, jalala au nyuma ya ghala, likisimamiwa na mtu anayewajibika. Kwa dari ya nyumba ya watu ni chaguo la mwisho.

Paka

Kazi yake. Mji wa Kale hauna uhaba wa paka, wala hauna uhaba wa panya, jambo linalosema mengi. Paka huwala vipanya na watoto wa panya, na harufu yake huwafanya panya wapite mbali. Panya wa kahawia aliyekomaa ni adui mwingine. Watafiti waliopiga picha kiwandani mjini New York, kazi yao ikachapishwa 2018, walirekodi kwa siku 79 na kuwaona paka wakiwaua panya wawili tu.

Kasoro. Paka aliyeshibishwa hucheza zaidi kuliko kuwinda, wa njaa huzurura. Sahani ya chakula chake ikiachwa usiku huwalisha panya aliokuja kuwafukuza. Itolewe baada ya nusu saa.

Watoto na mifugo. Hula vifaranga. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, na ahasiwe, usije ukabadilisha kero moja kwa nyingine. Usimchanganye kamwe na sumu.

Mzoga. Nusu yake mlangoni, mara nyingi juu ya mkeka wa swala.

Humfaa nani. Nyumba ya chini yenye ua, ambako panya wameshapunguzwa kwa mtego na kinachotakiwa ni ulinzi.

Bila kuziba, utarudia

Panya mkubwa hupita tundu la sentimita 2, kipanya la milimita 6. Jaza waya wa kusugulia masufuria kisha upake saruji juu. Povu peke yake hulitafuna. Madirisha na matundu ya hewa yafunikwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyofika milimita 6. Kata matawi yaliyo ndani ya mita 2 ya paa, na uvike shina la mnazi bati laini la sentimita 40 hadi 60 kwenda juu. Mchele, unga na chakula cha kuku viwe ndani ya pipa la bati lenye kifuniko.

Mzoga au mavi usiyafagie yakiwa makavu. Vaa glavu, mwagia klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, ngoja dakika 10, ndipo upanguse. Mkojo wa panya hueneza ugonjwa uitwao leptospirosi, nao hupitia hata mchubuko mdogo wa mguu.

Kwa hali yako

Nyumba ya zamani ya boriti na ukuta mnene: mitego ya kubana darini, nazi ya kuchoma, waya wa kufungia. Sumu iache.

Fleti ya ghorofa, Tudor au Nyali, yenye vipanya: mitego midogo ya kubana nyuma ya friji na jiko, huku ukiziba mabomba yanapopenya ukutani. Hapa wengi humaliza kazi ndani ya wiki moja.

Banda la kuku Kisauni au Likoni: vizimba, na chakula kiondolewe magharibi. Ukiona mkia wenye nusu nyeupe ni panya buku. Umpe kizimba kikubwa.

Duka la nafaka au mgahawa: mitego ya kubana ndani, visanduku vya sumu nje tu, vyenye namba na daftari la ukaguzi. Sumu karibu na gunia la mchele ni mkosi unaosubiri siku.

Mtaro ulio nyuma ya ploti yenye wapangaji wengi: sumu ya visanduku kwa ploti zote siku moja, la sivyo panya huhamia kwa asiyeweka.

Kirukanjia: hakuna ununuzi. Mende ndio wa kupambana nao.

Kujua kama umemaliza, nyunyiza unga mstari mwembamba kando ya ukuta usiku na uutazame kabla watu hawajaamka. Mstari wa mkia katikati ya nyayo ni wa panya. Usipoona alama kwa usiku 14 mfululizo, punguza mitego hadi miwili, lakini Aprili na Mei, masika yakijaza mitaro, irudishe yote kwenye mlango unaotazama mtaro kabla maji hayajapanda.